Egemeo

Miaka kumi na tisa nilikaa juu ya winchi pale bandarini,
mita arobaini hewani, chupa ya chai katikati ya mapaja,
nikiinua makontena ya watu nisiowajua.
Tani thelathini niliziweka juu ya lori
kama mama anavyomlaza mtoto aliyesinzia.
Jumapili, kanisani Mtoni, niliomba vivyo hivyo:
sauti juu, shingo imenyooka,
nikimteremshia Mungu mahitaji ya ushirika
moja baada ya jingine, bila kugonga kitu.

Sasa kijiko kimenishinda.

Kimedondoka mara ya tatu, uji umenichora kifuani,
na Sekela anaufuta bila kusema,
anavyofuta meza wageni wakishaondoka.
Mkono wa kushoto umelala pembeni yangu
kama mpangaji asiyelipa wala kuhama.
Mdomo umekwenda upande. Nikisema "Bwana"
inatoka "Bana", na mjukuu wangu Lugano alicheka,
kisha akaogopa kwamba amecheka.

Niseme ukweli: sijaomba tangu Februari.
Wazee wenzangu walikuja, wakazunguka kitanda,
mmoja akaomba ombi refu lenye vituo vyote,
nami chini ya shuka nilikuwa nahesabu mabati.
Ishirini na mawili. Moja lina tundu.
Usiku malori yalinguruma Barabara ya Kilwa;
nayajua kwa mlio, lipi limebeba, lipi tupu.
Nikamwambia Mungu, kama kule ni kuambia:
mimi sina shehena, usinipitishe mizani.

Alhamisi, Hospitali ya Temeke, chumba cha mazoezi.
Binti anaitwa Mwanaidi, mwembamba, hijabu ya kijivu,
raba zimetoboka kwenye kidole gumba.
"Inuka, baba. Niegemee."
Nikamtazama: kilo hamsini, labda.
Nimepima uzito maisha yangu yote,
najua nini hubeba nini.
Nikaegemea nusu. Nusu nyingine nikaibakiza kwa adabu.
Tukayumba. Akanidaka kwa goti.
"Hivi ndivyo mnavyoniangusha," akasema, anahema.
"Anayejiachia namweza. Anayekataa namrudisha kwenye kiti.
Ni huyu wa nusu nusu atakayetuvunja shingo wote wawili."

Hakuwa anahubiri. Alikuwa na wagonjwa saba kwenye benchi.

Nikasimama pale nimeshika chuma,
nikaiona miaka yangu yote ya kuomba:
mtu ameegemea ukuta kwa ncha ya kidole,
anawaambia wapita njia,
tazameni ukuta unavyonibeba.

Nikajiachia.
Sikusema neno. Neno lenyewe lingepinda.
Bega langu likakutana na bega lake la mfupa,
na chini ya bega lile (sijui niseme vipi
nisionekane natunga) kulikuwa na kitu kisichoyumba.
Hatua. Mguu ukaburuta kama ndala iliyokatika.
Hatua.
Ya tatu sikuifikia.

Sijapona. Wakiuliza kanisani, waambieni hivyo.
Kijiko bado kinadondoka; jana kiliingia chini ya kabati
na mpaka sasa kiko huko.
Lakini leo alfajiri, kabla ya jogoo wa jirani,
kabla bomba halijakohoa maji ya mgao,
nilifungua mdomo wangu uliopinda
nikasema, "Bana."
Nikaiacha hapo, hivyo hivyo ilivyo,
na uzito wangu wote juu yake.